Msikiti, maduka na hamamu ni wakfu mmoja: barua ya wazi kwa wasimamizi wa Msikiti wa Wazir Khan, Lahore, Pakistan

Kwa waheshimiwa viongozi wa Idara ya Auqaf na Mambo ya Dini ya Jimbo la Punjab, wakuu wa Mamlaka ya Mji wa Kale wa Lahore, na wataalamu wa Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan mnaoshirikiana nao katika kazi hii,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni fundi wa chokaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kazi hii nilifundishwa na babu yangu mzaa mama, aliyekuwa akinipa nyundo ndogo ya mbao nikiwa mtoto ili niwafuate watu wazima wakipiga sakafu ya paa, na mpaka leo kazi yangu ni kuta za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na chokaa iliyolowekwa hadi ikalainika. Barua hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishiwa kazi, na kwa sababu wapo watu wa pwani yetu ambao jambo ninalolieleza linawahusu kama linavyonihusu mimi. Tafsiri yake kwa Kiurdu nitawafikishia. Nilichonacho cha kuwaambia ni kimoja: Msikiti wa Wazir Khan haukujengwa kuwa jengo peke yake, na hautadumu iwapo utatunzwa kama jengo peke yake.

Nilifika Lahore mara moja tu maishani mwangu, wakati wa baridi, nikakaa wiki tatu. Kila alfajiri niliingia kwa Lango la Delhi, nikaipita Hamamu ya Kifalme iliyo pale pale ndani ya lango, kisha nikatembea kiasi cha mita 260 kuelekea magharibi, katika njia ambayo zamani misafara ya wafalme iliipita kwenda ngomeni. Njia ile ni nyembamba, nyumba zake zimebanana kama za kwetu Mkunazini au Malindi, na harufu ya viungo ilinifanya mara mbili tatu nisahau kwamba niko mbali na bahari. Kisha ghafla njia inafunguka uwanjani, na mbele yako unasimama ukuta ulioenea rangi: buluu iliyokolea, samawati ya feruzi, manjano, kijani, zambarau na nyeupe, na juu yake minara minne ya pembe nane, kila mmoja ukipanda zaidi ya mita 32. Nilisimama pale nisijue nianze kuangalia wapi.

Aliyeujenga msikiti huu jina lake lilikuwa Ilmuddin Ansari, mwenyeji wa Chiniot, na watu walimwita Hakim. Ndugu zangu wasomaji wa Kiswahili wasidanganywe na neno hilo. Kwetu hakimu ni mwamuzi wa mahakama, lakini huyu alikuwa tabibu, tena tabibu wa ikulu ya Shah Jahan, mfalme wa Kimughali aliyetawala kuanzia 1628 hadi 1658. Kwa utumishi wake alipewa jina la Wazir Khan na kukabidhiwa ugavana wa Punjab, na mji wa Wazirabad una jina lake hadi leo. Msikiti aliuanza karibu na mwaka 1634, kazi ikachukua takriban miaka saba. Ni miaka ile ile ambayo kule Agra mfalme wake alikuwa akimjengea mkewe Taj Mahal kwa marumaru nyeupe. Lahore haikuwa na marumaru wala jiwe la karibu. Imekaa katika nchi tambarare ya udongo ulioletwa na mito, na kwa hiyo mafundi wake walijenga kwa kitu walichokuwa nacho, yaani matofali membamba ya kuchoma na chokaa ya vijiwe vinavyochimbwa ardhini, kisha umaskini huo wa mawe wakaugeuza kuwa utajiri wa rangi.

Mahali penyewe hapakuwa patupu. Palikuwa na kaburi la Sayyid Muhammad Ishaq, aliyejulikana kwa jina la Miran Badshah, walii aliyetoka Uajemi na kufia Lahore karne kadhaa kabla ya Wazir Khan kuzaliwa. Wajenzi hawakulihamisha kaburi wala kulifukia. Waliliacha chini ya ua wa msikiti, na hata leo mtu anayekwenda kumzuru hushuka ngazi na kumkuta katika usawa wa ardhi ya zama zake. Mimi nililichukua jambo hilo kuwa somo la kwanza la jengo lenu, kwamba aliyekuja nyuma alijenga juu ya haki ya aliyetangulia bila kuifuta.

Sasa naomba niseme juu ya mlango, kwa sababu hoja yangu yote imo mlangoni. Mtu anayeingia msikitini kutoka uwanjani hupanda ngazi, hupita chini ya tao kubwa la mlango, lakini hafiki uani. Hufika kwanza kwenye chumba cha pembe nane chini ya kuba, na kulia kwake na kushoto kwake kuna njia ya soko iliyojengwa kwa mpango na kwa wakati ule ule wa msikiti. Hilo ndilo Soko la Wanakhati, yaani mafundi wa kuandika kwa khati nzuri. Ni soko la mfano wa yale ya Asia ya Kati ambayo njia zake nne hukutana chini ya kuba moja. Tofauti ni kwamba hapa njia mbili kati ya hizo nne ndizo zinazompeleka mtu kwenye sala, na mbili zinampeleka dukani. Wanaoijua historia ya ujenzi wa Bara Hindi wanalihesabu kuwa la kwanza la aina yake kujengwa kwa makusudi katika nchi hizo. Humo walikaa wanakhati na wale waliovitia vitabu majalada, mlangoni mwa jengo ambalo kuta zake zimejaa maandishi. Aliyehitaji msahafu, aliyehitaji hati iandikwe, na aliyekuja kuswali walipita njia moja.

Na maduka hayo hayakuwa ya mapambo. Yalikuwa wakfu. Kodi yake, pamoja na mapato ya hamamu iliyo Lango la Delhi ambayo Wazir Khan huyo huyo aliijenga mwaka 1635, iliwekwa kwa ajili ya kuutunza msikiti. Msafiri aliyefika amechoka na vumbi aliingia hamamu yenye vyumba 21, akaoga maji ya moto, akalipa, na malipo yake yakawa kigae kilichorudishwa mahali pake au mshahara wa mtu anayefagia ua. Neno mnalolitumia ninyi, auqaf, na neno letu wakfu ni neno moja lililofika pwani mbili za bahari moja. Kwetu Zanzibar nyumba nyingi na milango ya maduka iliwekwa wakfu kwa misikiti ya mitaani, ili kodi inunue mafuta ya taa, mikeka na chokaa. Nimefanya kazi katika nyumba za namna hiyo. Nimeona pia kinachotokea pale ambapo kodi imebaki ya zamani huku bei ya boriti imepanda mara nyingi: paa linavuja mwaka wa kwanza, boriti inaoza mwaka wa tatu, na siku moja ukuta unaanguka na watu wanasema ulikuwa mzee. Ukuta wa chokaa haufi kwa uzee. Hufa kwa kukosa mtu anayelipwa kuuangalia.

Kwa nini nasisitiza kuangaliwa? Kwa sababu ufundi wa msikiti wenu ni wa aina isiyovumilia kusahauliwa. Vigae vile havikupakwa picha juu yake kama vya siku hizi. Kila rangi ilichomwa peke yake katika bamba lake, kwa moto unaoifaa rangi hiyo, kisha fundi akakata kwa mkono kila jani, kila ua na kila herufi, akavipanga vipande hivyo pamoja kama mtu anayeshona kofia ya kiua, na mwisho akavishika kwa chokaa kwa nyuma hadi vikawa kitu kimoja. Ndiyo maana buluu yake haififii. Humo mna misonobari mirefu ya Kiajemi, mizabibu, vyombo vya maua, nyota, na katikati yake maandishi ya Kiarabu na Kiajemi kwa khati za aina mbalimbali. Lakini nguvu ya kazi hiyo yote imo katika chokaa iliyo nyuma, ambayo macho hayaioni. Maji yakipita nyuma ya kigae, chumvi huja juu pamoja nayo, hukauka, huvimba, na kukisukuma kigae nje kidogo kidogo. Kipande kimoja kikitoka, jirani zake wanne wamepoteza egemeo.

Ndani ya nyumba ya sala mambo ni mengine. Jengo hilo ni safu moja ndefu ya vyumba vitano vinavyofuatana, kila kimoja na kuba yake, mpango ambao Lahore ilikuwa imeujua tangu Msikiti wa Maryam Zamani wa mwaka 1614. Kuba zenyewe ni za chini, si zile zilizochongoka juu kama kitunguu ambazo wengi hufikiria wakisikia jina la Wamughali. Zinafanana zaidi na za watawala wa Lodi waliowatangulia. Humu vigae vimekoma na picha za ukutani zimeanza, zilizochorwa juu ya chokaa ikiwa mbichi. Mafundi wenzangu wataelewa maana yake: rangi inawekwa wakati chokaa bado ina maji, na chokaa inapokunywa hewa na kurudi kuwa jiwe, rangi inafungiwa ndani ya jiwe hilo. Mchoraji hana nafasi ya kufuta. Anachokiweka saa ile ndicho kitakachobaki miaka mia nne. Nilikaa chini ya kuba ya katikati muda mrefu baada ya sala ya adhuhuri, nikihesabu mahali ambapo fundi alisimamisha kazi ya siku moja na kuanza ya siku iliyofuata, kwa maana mshono wa chokaa unaonekana kwa anayejua kuutafuta. Mtu yule niliyetengana naye kwa karne karibu nne alikuwa na hofu ile ile niliyonayo mimi kila siku, kwamba chokaa itamkaukia kabla hajamaliza.

Nisingekuwa mwadilifu kama nisingetaja mema mliyoyafanya. Msikiti uliachwa kuchakaa kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 tayari waliouandikia walisikitikia hali yake. Kabla ya hapo John Lockwood Kipling, aliyesimamia shule ya sanaa na makumbusho mjini humo, aliyaandikia mapambo yake kwa heshima kubwa. Mwaka 1993 uliingizwa katika orodha ya awali ya Pakistan ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na mpaka leo uko katika orodha hiyo ya kusubiri. Kazi kubwa ilikuja baadaye. Msikiti ulipimwa upya kwa vifaa vya kisasa, vibanda vilivyokuwa vimeegemezwa kwenye kuta zake za nje viliondolewa, na uwanja wa mbele, ambao ardhi yake ilikuwa imepanda kwa karne za kujazwa vifusi, ulichimbwa na kurudishwa chini, hata kisima cha Raja Dina Nath cha zama za Masingasinga kikapata tena nafasi yake. Hamamu, ambayo ilishatumika kama shule, zahanati na ofisi, ilikarabatiwa kati ya 2013 na 2015, mifereji yake ya maji ya moto ikafukuliwa, na mwaka 2016 ikapata tuzo ya UNESCO ya Asia na Pasifiki. Sisi wa Zanzibar tunaijua Taasisi ya Aga Khan kwa kazi yake ya Dispensari Kongwe na ya bustani ya Forodhani, na najua kwamba mkono uliofanya kazi kwetu ndio uliofanya kazi kwenu.

Lakini ukarabati mkubwa ni kama dawa ya mgonjwa mahututi. Umefika, umeokoa, nao una siku ya kumalizika. Fedha za wafadhili zinakuja na tarehe ya kuanza na tarehe ya kufunga hesabu, ilhali chumvi ya ukutani haina tarehe. Tarehe 25 Desemba 2020 tuliliona Beit al-Ajaib letu likiporomoka sehemu yake wakati kazi ya kulitengeneza inaendelea, na watu wawili wakafariki. Tangu siku hiyo siwezi kulitazama jengo la kale popote duniani bila kujiuliza nani aliliangalia mwaka kabla ya mwaka wa ukarabati, na nani ataliangalia mwaka baada yake. Wazir Khan alikuwa na jibu la swali hilo, akalijenga kwa matofali mlangoni mwa msikiti wake.

Kwa hiyo naomba mambo machache, nayo yote yanatoka mlangoni pale. La kwanza, na ndilo kubwa kwangu, ni kwamba msikiti, Soko la Wanakhati na hamamu viwekwe tena katika hesabu moja, hata kama kisheria vinasimamiwa na ofisi tofauti. Idara ya Auqaf ipo tangu 1960 na ina mamlaka ya mali za wakfu. Mamlaka ya Mji wa Kale ina mafundi na mipango. Kaeni pamoja, mkubaliane kwamba kila rupia inayotokana na kodi ya duka lililo chini ya kuba ile, na sehemu ya kiingilio ambacho mgeni analipa kuiona hamamu, itakwenda kwenye mfuko wa matunzo ya kila siku wa msikiti, na kila mwaka mtangaze uwanjani, kwa ubao ambao mwenye duka na mwenye kuswali wanaweza kuusoma, ni kiasi gani kimeingia na kimetumika kwa nini. Jambo hilo halihitaji mfadhili, maana ni sharti la wakfu wenyewe.

Pamoja na hilo, maduka hayo yasikodishwe tu kwa yeyote anayelipa zaidi. Nilipopita nilitafuta kwa macho mtu mwenye kalamu ya mwanzi, na nafsi yangu ingetulia kama ningemkuta mmoja katika kila upande wa soko. Wapeni wanakhati, watia majalada, wakata vigae na wachanganya chokaa nafasi humo kwa kodi nafuu, kwa mkataba kwamba kila mmoja awe na vijana wawili anaowafundisha na kwamba siku kadhaa za mwaka atazitoa kwa kuta za msikiti. Kwa namna hiyo soko litalipa kodi ya aina mbili, ya fedha na ya mikono, na hii ya pili ndiyo adimu zaidi. Kigae kinachotoka ukutani leo kirudishwe na mtu anayekaa hatua ishirini kutoka hapo. Kisisubiri mkataba wa miaka kumi ijayo.

Naomba pia, kwa unyenyekevu wa mtu wa kazi hii, kwamba pale ambapo kigae cha kale kipo lakini kimepauka au kimepasuka, kiachwe mahali pake na kuimarishwa kwa nyuma, na kipya kiwekwe tu pale ambapo hapana kitu. Na saruji isiukaribie ukuta ule kabisa. Najua inakauka haraka na inampendeza msimamizi anayetaka kufunga kazi kabla ya mwisho wa mwezi, lakini inaziba pumzi ya ukuta, na maji yaliyofungiwa ndani hutafuta njia ya kutokea kwenye vigae na kwenye picha. Mvua zenu za Julai hadi Septemba ndizo mtihani wenyewe. Mwekeni mtu, mmoja tu, mwenye jina linalojulikana, ambaye kila mwaka kabla ya mvua hizo atapanda juu ya paa na kusafisha kila mfereji, na baada ya mvua atazunguka kuta na daftari akiandika kila kigae kilicholegea. Vyumba vidogo 32 vinauzunguka ua ule, naye apewe kimoja awe na meza na daftari lake humo.

La mwisho ni dogo. Michoro na vipimo mlivyovichukua kwa vifaa vya kisasa viwekwe mahali ambapo fundi yeyote, wa Chiniot au wa Lamu, anaweza kuviona bila kuomba ruhusa kwa barua tatu. Mimi nina wanafunzi sita. Kwetu hakuna kigae cha buluu, bali kuna bakuli za China ambazo wazee walizipachika kwenye kibla na kwenye mabirika ya misikiti ya pwani, nazo zinashikwa na chokaa ile ile na zinatoka kwa chumvi ile ile. Mna mengi ya kutufundisha juu ya namna ya kuzirudisha, na pengine kuna jambo moja au mawili kuhusu kupiga paa la chokaa lisivuje ambayo sisi tunaweza kuwaonyesha. Mkiniita, nitakuja na nyundo yangu ya mbao.

Nasubiri jibu lenu kabla ya mvua za Julai.

Wasalaam,

Fundi wa chokaa,
Mji Mkongwe, Zanzibar